Funguo Tatu

Kisanduku chetu ni cha bati, rangi ya buluu,
kimechomelewa na fundi wa Chwele.
Kina kufuli tatu.
Ufunguo wa kwanza uko kwa Yunes Chemayiek,
kwenye pindo la leso, fundo juu ya fundo.
Wa pili uko kwa Nasambu, muuza omena,
aliyepanda mlima huu kuolewa
akakataa kushuka hata nyumba ilipoungua.
Wa tatu
uko kwa Psiwa.

Mimi naandika tu. Kalamu yangu, daftari la chama.

Siku ya kuchagua, mtu wa mradi alisema
waliotoka msituni wapewe dhamana ndogo ndogo,
kama mtoto anavyopewa yai alipeleke dukani.
Tulinyamaza. Kuku walikuwa wakipekua chini ya benchi.
Yunes akavua leso kichwani, akaikung'uta,
tukaliona sikio lile ambalo sasa ni tundu,
akaifunga tena, polepole,
kisha akainua mkono wake.
Akampigia kura.

Nilimwuliza baadaye, tukimenya viazi.
"Mwenye ufunguo," alisema, "kila Alhamisi
nitajua alipo."

Alikopa elfu nne, akanunua mbegu ya kitunguu.
Psiwa alikopa elfu mbili na mia tano,
akanunua bomba la kunyunyizia dawa, lile la mgongoni.
Lakini mkanda ulipokaa begani
watoto wa Kopsiro walitimka, wakaacha viatu njiani.
Basi akalibeba kichwani, kama mtungi.
Wanaume kinyozini walimcheka mpaka wakakohoa.
Aliwaacha wacheke.
Siku hizi wanamwita wao wenyewe, ukungu ukishuka,
na wanalipa, ingawa wanaziweka pesa juu ya jiwe
wasiuguse mkono wake.

Halafu ikaja ile Alhamisi ya mvua.
Saa tisa: watu kumi na wanane, kisanduku katikati.
Saa kumi.
Mtoto wa Nasambu alikuwa na homa, alitaka mkopo wa dharura.
"Amerudi alikotoka," mtu akasema nyuma.
Mwingine akatafuta nyundo.
Yunes akakikalia kisanduku.
Alikaa juu yake kama mtu akaliaye kigoda jikoni,
mikono mapajani, na mvua ikipiga mabati
hivi kwamba hatukusikizana,
na sisi tulimwona akiutazama mlango
kwa macho ambayo sikuyapenda.
Alikuwa hajui alipo.

Aliingia giza likianza, gambuti zimejaa maji.
Hakuomba radhi. Alisema tu,
"Kuna mtu alinipigia simu. Kuna kazi, alisema. Kama ile.
Nimefika Lwakhakha, hadi darajani."
Akatia mkono mfukoni, akautoa ufunguo,
akautazama kana kwamba ndio uliomleta.
"Nikageuka."

Hakuna aliyesema neno.
Hivyo ndivyo wengine huvishwa mashada.
Mimi nilifungua daftari, nikaandika:
Psiwa, kuchelewa, faini shilingi hamsini.
"Lipa," Yunes akamwambia.
Akalipa. Noti ilikuwa imelowa,
tukaianika kwenye kioo cha taa.

Wakapiga magoti watatu, maana kufuli ziko chini
na zimekaribiana, huwezi kufungua yako
bila kugusana mabega.
Yunes huwa anamweka Psiwa upande wa sikio lisilokuwepo.
Ningependa kuandika kwamba jioni ile
alimbadilishia upande.
Hakubadilisha.
Ila alisubiri. Vidole vya Psiwa vilikuwa na baridi,
ufunguo ulikataa mara mbili,
na Yunes, ambaye yake ilikuwa imeshafunguka,
alishusha taa karibu
ili aone.

Mtoto wa Nasambu alipata elfu moja na mia mbili.
Bodaboda ilikuwa inangoja nje.
"Hesabu zilizobaki," Yunes akaniambia,
na nikahesabu, kwa sauti, mara mbili,
kama sheria yetu inavyotaka.